Tembe, Boma na Banda: Historia ya Majengo ya Kale katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ujiji ni mmoja katika miji michache ya bara ya Afrika Mashariki iliyokwisha kuwa miji ya Waswahili kabla ya serikali yo yote ya kikoloni kutia mguu huko. Waarabu na wafanyabiashara wa pwani walifika karibu na mwaka wa 1840. Baada yao wakaja Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, wakachanganyika na wenyeji Wajiji na Waha, hata Kiswahili kikawa lugha ya soko na ya nyumbani mahali palipo mbali na bahari kwa kilomita elfu moja hivi. Kigoma, ulio kaskazini ya Ujiji kwa kilomita chache tu, ni mji wa namna nyingine, kwani ulikuzwa na Wadachi kwa ajili ya reli na bandari. Leo miji hii miwili ni manispaa moja, lakini mtu apitaye toka mmoja kwenda wa pili bado huona kwamba kila mmoja una umbo lake.

Wataalamu wa miji siku hizi husema sana juu ya mambo mawili. La kwanza ni kulipa jengo kuukuu kazi mpya badala ya kulibomoa. La pili ni kujenga katika mapengo yaliyobaki baina ya nyumba, badala ya kuutandaza mji mpaka mashambani. Mambo haya huelezwa mara nyingi kana kwamba yamebuniwa juzi katika miji ya Ulaya na Marekani. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika ni ya zamani, na lugha yenyewe ni shahidi wake, kwa kuwa maneno ya nyumba yamebadili kazi kama nyumba zenyewe zilivyobadili. Historia ya majengo ya huko yafundisha neno moja: jengo lililopata kazi mpya limesimama, na lililokosa kazi limeanguka, hata lilipokuwa na sifa kuliko mengine yote.

Matembe ya Ujiji

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, hawakujengewa nyumba. Walipewa tembe bovu lililokuwa limejengwa na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Hamid bin Salim, ambalo mwenyewe alikuwa ameliacha. Basi habari ya kwanza kuandikwa na Mzungu juu ya nyumba ya Ujiji ni habari ya nyumba kuukuu iliyopewa watu wengine na kazi nyingine. Jambo hili halikuwa geni kwa watu wa misafara. Mfanyabiashara alijenga tembe, akakaa mwaka mmoja au miwili, akavuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe, na katika kutokuwapo kwake nyumba ikawa ghala, au makao ya watumwa, au dari ya mgeni. Nyumba ilikuwa na mwenyewe, lakini kazi yake ilifuata misafara.

Neno tembe si la pwani kwa asili ya jengo lenyewe. Katika nchi ya Wagogo na Wanyamwezi ni nyumba ya miti na udongo ambayo dari yake ni tambarare, imetandazwa fito na kufunikwa udongo mzito. Waarabu na Waswahili walilichukua jina pamoja na namna ya kujenga, wakaongeza vitu vyao: ua wa ndani, mlango wa mbao wa namna ya pwani, na baraza mbele. Hivyo tembe la mfanyabiashara likawa jengo la asili mbili, na neno likapata maana ya pili, yaani nyumba kubwa ya mwungwana wa bara.

Baraza lilikuwa na sehemu kubwa katika habari mashuhuri kuliko zote za Ujiji. Henry Stanley alipomkuta David Livingstone mwezi wa Novemba 1871, kwa hesabu ya tarehe aliyoiweka mwenyewe, wawili hao waliketi juu ya jukwaa la udongo chini ya upenu wa nyumba aliyokaa Livingstone. Kwa Stanley lilikuwa jukwaa tu. Kwa watu wa Ujiji lilikuwa baraza, mahali pa kupokea wageni, kusuluhisha wagomvi na kupatana bei. Neno hilo hilo baadaye lilipanda cheo, likawa jina la mkutano wa wazee, kisha la wilaya na la mawaziri. Wachache wasemao leo juu ya Baraza la Mawaziri hukumbuka kwamba asili yake ni kiti cha udongo mbele ya mlango.

Nyumba ile ya Livingstone haipo tena. Palipokuwa na mkutano pana mnara wa mawe, na miembe ambayo yasemekana ni vizazi vya mwembe wa kale. Kwa upande mwingine, tembe la Kwihara karibu na Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka wa 1872, lilitengenezwa likafanywa makumbusho. Tofauti ya nyumba hizi mbili haikutokana na sifa, maana sifa ya Ujiji ni kubwa zaidi. Ukuta wa udongo hauwezi kungoja. Kila baada ya masika wahitaji mkono wa mtu wa kuukandika, na dari yahitaji kutazamwa kabla ya mvua. Nyumba ya namna hiyo isipokuwa na mkazi au mlinzi, hata kama dunia nzima yaijua, haichukui miaka mingi kurudi kuwa udongo.

Mambo ya ziwa nayo yaliuathiri mji. Stanley aliporudi Ujiji mwaka wa 1876 aliona kwamba maji yalikuwa yamekula sehemu ya ufuko aliyoijua miaka mitano nyuma. Ziwa liliendelea kujaa mpaka maji yalipofungua njia kwa nguvu kupitia mto Lukuga, upande wa magharibi, karibu na mwaka wa 1878; kisha likapungua kwa miaka mingi. Ufuko ukasogea mbali na mji, na mahali palipokuwa maji pakawa viwanja. Basi kujaza mapengo kwa watu wa Ujiji kulianza na mapengo yaliyoletwa na ziwa lenyewe. Wakati huo mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri, Mswahili wa pwani, ambaye mwaka wa 1881 alipandisha bendera ya Sultani wa Unguja. Alifariki mwaka wa 1885.

Ngome iliyogeuka misioni

Kusini zaidi, katika mwambao huo huo, kuna mfano ulio wazi kuliko wote. Mwaka wa 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo Karema kwa niaba ya chama cha kimataifa kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Kilijengwa kama ngome. Ulaya ilipogawana Afrika katika mkutano wa Berlin, mwambao wa mashariki ukaangukia upande wa Wadachi, na ngome ya Karema haikuwa na kazi tena kwa waliyoijenga. Mwaka wa 1885 walikabidhiwa Mapadri Weupe, wakaingia humo na kuifanya makao ya misioni. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawa kuta za sala na shule.

Huko Karema ndiko alikofanya kazi Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka wa 1889 na kuwatibu watu huko mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Jina lake lilipewa nyumba moja ya Dar es Salaam, Atiman House, ambayo nayo ina historia ya namna ile ile: ilijengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid, kisha ikawa nyumba ya Mapadri Weupe. Hivyo mganga wa ngome iliyogeuka misioni alikuja kuwa jina la nyumba ya Sultani iliyogeuka nyumba ya mapadri. Majengo hayo mawili yametengwa na nchi nzima, lakini yalisalia kwa sababu moja.

Boma, gereza na stesheni

Wadachi waliweka kituo cha askari Ujiji mwaka wa 1896, nao wakaja na boma. Wako wasemao kwamba boma ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza juu ya utawala wa Waingereza. Hilo si kweli, maana neno hili lilikuwa likisemwa katika bara kabla ya Waingereza kutawala po pote huko, na Stanley aliliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1872. Maana yake ya kwanza ni uzio wa miti au miiba wa kuzuia adui na wanyama. Kutoka hapo likawa ukuta wa ngome, kisha ngome yenyewe, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, hata pasipo na ukuta wala mwiba. Watu husema kwenda bomani, na maana yao ni kwenda kulipa kodi au kupeleka mashtaka. Kila hatua ya neno hili ni hatua ya jengo pia.

Neno gereza lilipita njia ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kireno kwa kanisa, igreja. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome au karibu na ngome, na watu wa pwani wakaliita jengo zima kwa jina la sehemu. Katika Kilwa Kisiwani, ngome iliyo ufukoni yaitwa Gereza mpaka leo, na haina maana ya jela. Baadaye, ngome zilipokosa vita, zilipewa wafungwa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka wa 1593, ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958, kisha ikawa makumbusho. Katika neno moja, basi, mna kanisa, ngome na jela, kwa utaratibu ule ule wa kazi zilizopewa kuta. Hakuna hati ya majengo iliyo fupi na kweli kuliko hiyo.

Mabadiliko makubwa ya Kigoma yaliletwa na reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka wa 1905, ukafika Kigoma mwezi wa Februari 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Ghuba ya Kigoma ina kina na kinga ya upepo, ilhali ufuko wa Ujiji ni tambarare na wazi. Kwa hiyo bandari na serikali vikahamia Kigoma. Stesheni iliyojengwa huko, yenye kuta nene na matao, ilikuwa kubwa kupita haja ya mji ule mdogo. Wadachi waliijenga kwa matumaini ya biashara ya Kongo na Burundi, lakini vita vilianza mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na katika Julai 1916 Wabelgiji wakaingia Kigoma. Walioijenga waliitumia miaka miwili tu.

Meli nayo ilipata kugeuzwa. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka wa 1915. Wadachi wenyewe waliizamisha Julai 1916 isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka wa 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka wa 1927 iliitwa Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumiwa kwa upande wa kusini wa ziwa. Chombo cha vita kikawa chombo cha abiria na mizigo, na jina la mwenyeji likafuta jina la gavana.

Katika mapatano ya mwaka wa 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji viwanja vya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite. Kwa hiyo bandari ya Kigoma ilikuwa na mabohari ya serikali mbili katika ufuko mmoja. Stesheni kwa upande wake ilipita mikono ya Wadachi, Wabelgiji, Waingereza, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki tangu 1948, na shirika la Tanzania tangu 1977. Mabwana wamebadilika mara nne. Kazi haikubadilika hata mara moja. Kadhalika nyumba ya Kidachi iliyo juu ya mji ilirithiwa na serikali zilizofuata, na ni Ikulu ndogo ya Kigoma. Majengo haya hayakuhifadhiwa na sheria ya mambo ya kale. Yalihifadhiwa na kazi.

Nyumba ya Kiswahili na mapengo yake

Majengo makubwa huandikwa vitabuni. Nyumba za watu huandikwa katika maneno. Nyumba iliyoenea Ujiji, kama katika miji mingine ya Waswahili wa bara, ni ile ya ukumbi wa katikati: vyumba vitatu mkono wa kuume, vitatu mkono wa kushoto, baraza mbele, na nyuma ua wenye jiko, choo na mabanda. Umbo hili lina fadhila moja isiyosemwa sana. Chumba cho chote cha nyumba hiyo chaweza kubadili kazi bila ukuta kuvunjwa. Chumba cha mtoto aliyeoa huwa cha mpangaji, cha mpangaji huwa ghala ya chumvi au dagaa, na cha mbele huwa duka.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno fremu. Mwenye nyumba hutoboa ukuta wa mbele, akatia mlango mpana unaotazama barabara, na chumba kikaitwa fremu, kwa neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kwanza ni kiunzi cha mlango au dirisha tu. Katika Kiswahili cha miji ya leo fremu si kiunzi tena. Ni chumba cha biashara kinachopangishwa, na watu huuliza bei ya fremu kama walivyouliza zamani bei ya kiwanja. Sehemu imekuwa jina la zima, kama ilivyotokea kwa gereza. Lakini fremu hula baraza. Mlango wa duka ukiisha kufunguliwa, kiti cha udongo huondolewa ili mteja apite, na mahali pa mazungumzo huwa mahali pa mauzo.

Ua nao hujazwa. Mtu akifa, nyumba hurithiwa kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu, na warithi wasiotaka kuuza hujenga mabanda uani, kila mmoja upande wake. Huku ndiko kujaza mapengo kwa asili, na hakukuhitaji mpima ardhi. Warithi wakishindwa kupatana, nyumba huuzwa ili fedha zigawanywe. Mnunuzi hukuta thamani katika kiwanja, haikuti katika kuta, naye hubomoa. Yaonekana basi kwamba nyumba nyingi za kale hazikuangushwa na mvua. Ziliangushwa na hesabu ya mirathi. Kariakoo ya Dar es Salaam yaonyesha mwisho wa njia hiyo. Jina lake latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vya kwanza, kilichopiga kambi hapo penye jengo la soko lililoanzwa na Wadachi. Kambi ikaisha, soko likabaki, na jina la wapagazi likawa jina la mtaa wa biashara. Nyumba za vyumba sita zilizouzunguka mtaa huo zimetoweka nyingi sana, na mahali pake pamepandishwa ghorofa juu ya fremu.

Majina ya kata za Kigoma-Ujiji yaeleza vivyo hivyo. Kitongoni ni mahali pa kitongo, yaani kijiji kidogo nje ya mji. Leo ni ndani ya mji. Machinjioni ni mahali pa kuchinjia, na kwa desturi machinjio huwekwa pembeni ya makazi. Majengo ni jina lipatikanalo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, nalo lasema kwamba zamani nyumba za hapo zilikuwa mpya. Kiambishi -ni cha mahali na wingi wa jengo vimetunza ramani ya mji uliokwisha kujazwa.

Vijiji vya mwambao wa kaskazini

Mashua ziendazo kaskazini huondoka Kibirizi, zikapita ufuko wa Gombe, hata kufika Mwamgongo. Kijiji hiki kimekaa kati ya mambo matatu yasiyosogea: ziwa mbele, mlima mkali nyuma, na mpaka wa hifadhi ya Gombe upande wa kusini. Gombe ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka wa 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka wa 1968. Kwa miaka mingi njia kuu ya kijiji ilikuwa maji, na ufuko wenyewe ni mahali pa kazi, kwa kuwa ndipo mashua zinapovutwa na dagaa wanapoanikwa.

Katika mahali kama hapo hakuna mji wa kutandazwa. Kijana ahitajiye nyumba hujenga kwa kubana: katika ua wa babaye, juu ya ngazi ya udongo iliyochongwa mlimani, au mahali pa nyumba kuukuu, kwa kutumia tena mawe ya msingi na mabati yake. Njia baina ya nyumba huwa kichochoro, na kichochoro huwa mfereji wakati wa masika. Wataalamu wakitaka kujua faida na hatari za kujaza mapengo, wazitazame hapa. Faida ni kwamba mlima na msitu husalimika. Tangu 1994 mradi wa TACARE umefanya kazi na vijiji vya mwambao huu kuuokoa msitu uliokatwa kwa kuni na mashamba. Hatari ni ya maji safi, ya choo na ya moto, maana nyumba zikigusana, ugonjwa na moto hupita bila kubisha hodi. Ziwa nalo halikutulia: katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka wa 2024, maji yalipanda katika mwambao yakaingia katika nyumba na masoko ya ufukoni. Pengo lililofunguliwa na ziwa katika karne ya kumi na tisa laweza kudaiwa tena na ziwa lenyewe.

Vitenzi vya nyumba

Kiswahili kina kauli ya kutendua, na katika mambo ya ujenzi kauli hiyo yafanya kazi kubwa. Kuezeka kuna kuezua. Kujenga kuna kujengua. Kupanga kuna kupangua. Mwenye kuezua haharibu nyumba. Huondoa paa la nyasi lililochoka ili kuezeka jipya, na kuta hubaki. Mwenye kujengua hutoa mti baada ya mti, aupate tena kwa kazi nyingine. Kubomoa ni kitenzi cha namna nyingine, hakina mwenzi wa kukirudisha. Lugha ya mafundi wa udongo, basi, ilikuwa na hatua nyingi baina ya nyumba nzima na nyumba iliyobomoka, kwa sababu nyumba ya udongo ilifanywa upya sehemu kwa sehemu katika maisha yake yote.

Lugha ya ofisi haina hatua hizo. Ina maneno mawili makubwa: kuhifadhi na kukarabati. Kuhifadhi kwasikika kama kuweka kitu mahali kisiguswe, na jengo lisiloguswa ndilo lililoanguka Ujiji. Kukarabati kumetumika kwa kila kitu, toka kupaka rangi mpaka kuvunja ukuta wote na kujenga mwingine. Kati ya maneno hayo hapana neno moja lililokubalika la kueleza kitendo kilichofanywa Karema mwaka wa 1885, yaani kuingia katika jengo na kulipa kazi. Upungufu huu si wa lugha, kwa kuwa mafundi na wenye nyumba husema kugeuza: chumba kimegeuzwa duka, ghala imegeuzwa madrasa. Kugeuza matumizi ni tamko linaloeleweka na mtu wa Mwamgongo na mtu wa wizarani pia, nalo lastahili kuingia katika kanuni za ujenzi.

Majengo yanayongoja

Mambo haya si ya zamani tu. Mwezi wa Desemba 2022 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kiwango cha kimataifa kutoka Tabora mpaka Kigoma, urefu wa kilomita 506. Reli hiyo ina stesheni zake. Kwa mara ya kwanza tangu 1914, stesheni ya kale ya Kigoma yakabiliwa na uwezekano wa kubaki na kazi pungufu, na historia ya mwambao imekwisha kuonyesha nini huwapata majengo ya namna hiyo. Ujiji nao umo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, katika njia kuu ya kati ya watumwa na pembe ambayo Tanzania iliiweka mwaka wa 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964, iliyorekebishwa mwaka wa 1979, yampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kulindwa. Tangazo hilo ni la lazima, lakini halizibi paa.

Mifano ya kufuata ipo nchini. Boma la Kidachi la Arusha lina makumbusho ya viumbe tangu 1987. La Iringa lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 2016. Na Boma la Kale la Dar es Salaam, la miaka ya 1860, lilipewa kituo cha urithi wa majengo mwaka wa 2017. Huko Unguja, jengo la Tharia Topan lililoanzwa mwaka wa 1887, ambalo lilikuwa zahanati, lilitengenezwa katika miaka ya 1990 na kupewa kazi mpya za utamaduni na biashara. Onyo lipo pia katika mji huo huo: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka wa 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ijapokuwa Mji Mkongwe ulikuwa urithi wa dunia tangu mwaka wa 2000. Sifa haikulitegemeza jumba hilo, kama ambavyo haikulitegemeza tembe la Ujiji.

Kwa Kigoma na Ujiji, basi, kazi ni tatu. Ya kwanza ni kuamua matumizi ya stesheni ya kale kabla haijafungwa milango, kwa kuwa jengo hugeuzwa kwa gharama ndogo likiwa bado na watu, na kwa gharama kubwa likiisha kuwa gofu. Ya pili ni kuzipima na kuzichora nyumba za ukumbi wa katikati zilizosalia Ujiji, pamoja na mabaraza na milango yake, na kuwashauri warithi juu ya njia za kugawana nyumba bila kuibomoa. Ya tatu ni ya wanafunzi wa lugha. Mafundi waliojua kuezua na kukandika ni wazee, na maneno yao ya fito, boriti, upenu na dari hayatakaa sana baada yao. Mahali pa kuanzia ni vijiji vya mwambao wa kaskazini, ambako kazi hiyo bado hufanywa kwa mikono na kutajwa kwa majina yake.